Doto wa Ngamiani

Wa kwanza kuzaliwa ni Kulwa: mji wenyewe,
barabara zake zenye namba badala ya majina,
ya kwanza, ya pili, hadi ishirini na moja,
vumbi, mitaro, spoki zilizotupwa na mafundi baiskeli.
Doto tulimzaa sisi, chumba cha juu, Chumbageni,
watu wanne, feni moja, kompyuta saba,
na Mhandisi Sekiondo aliyependa kusema:
mtoto wa pili hujifunza kwa makofi ya wa kwanza.

Kwetu ilikuwa kinyume.

Miezi minane tulipima.
Kila kona, kila nguzo ya umeme iliyoinama,
kila tuta ambalo mwenye nyumba alijijengea usiku.
Nilitembea na kamera mgongoni kama mrina asali na mzinga wake,
watoto wa Barabara ya Kumi na Nne wakinifuata:
"Dada, unatupiga picha twende wapi?"
Mnakwenda kwa Doto, niliwaambia.
Kule mtavuka barabara mara elfu kwa siku
na hakuna atakayechubuka goti.

Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yetu.
Ndani ya Doto, gari lisilo na dereva
liligonga ukuta wa ghala la mkonge,
likagonga mbuzi,
likagonga baiskeli yenye magunia matatu ya machungwa ya Muheza;
machungwa yakamwagika, hayana harufu,
tukabonyeza kitufe, yakarudi yote guniani.
Kulwa hana kitufe hicho.
Ndiyo maana tulimtesa Doto.

Siku ya jaribio la kweli
gari liliingia Barabara ya Kumi na Mbili kwa adabu,
likamwendea Bi Mwanashuru wa vitumbua
kana kwamba ni hewa.
Macho yake yalimwona; kumbukumbu ikakataa.
Breki ilishika hatua mbili kutoka kwenye karai.
Mafuta yaliruka. Yeye hakuruka.
"Huyu hanioni," alisema, akigeuza kitumbua,
"au ananiona ila hanijui?"

Nilirudi ofisini nikaitazama kona. Tupu.
Tulipita Jumatatu,
na Jumatatu huenda kusaga mchele.
Mji mzima tuliuandika, hadi matundu ya mitaro,
tukamwacha aliyeketi pale miaka kumi na tisa.

Nikaenda na daftari, nikaomba ruhusa.
"Niweke," alisema, "lakini niweke vizuri.
Mwavuli usiusahau. Kigoda cha mteja.
Na huyu paka, naye ni mtu wa hapa."
Nikamweka: kimo akiwa ameketi, sentimita tisini;
joto la karai; watoto wa saa kumi na mbili na nusu
wasiosimama mstari, wanaosimama kama kichane cha ndizi.
Gari la kwanza likamwarifu wa pili, wa pili wa tatu,
kwa lugha yao isiyo na salamu:
kona hii, pole pole, kuna mtu.

Machi akahamia Pongwe kwa bintiye. Magoti.
Kona ikabaki na doa jeusi la moto.
Lakini magari yale matatu, kila asubuhi,
yakifika pale hupunguza mwendo,
husogea upande, hupita taratibu
kama watu wanaompisha mwenye kubeba kitu cha moto.
Mafundi baiskeli walicheka wiki ya kwanza.
Mmoja wao, Mbaruku, huvua kofia.
Kwa mzaha, nadhani. Sina hakika tena.

Sekiondo ameniandikia: Doto hafanani tena na nduguye. Mfute.
Ana haki. Leo atakuwepo asiyekuwepo,
kesho hatakuwepo aliyepo.
Najua. Nimelifungua faili.
Kidole kiko juu ya kitufe tangu adhuhuri.

Simu imelia. Pongwe.
"Mwanangu, eti bado yananipisha?"
"Yanakupisha, bibi."
Kimya. Nyuma yake nikasikia mafuta yakilia kwenye karai.
"Basi njoo unipime huku.
Usije Jumatatu."